Kufuli la Mama Breki

Hango Kidanka hakuwa na cheti cha sekondari. Hakuwa na meza. Alisomea juu ya debe kubwa la mafuta lililofunikwa gunia. Hakuwa na Kiingereza cha kutosha kuelewa mashine ilipomgombeza. Hakuwa na mjomba serikalini wala binamu mjini wa kumvuta juu. Hakuwa na meno mawili ya mbele, ambayo punda wa jirani aliyang'oa kwa teke moja angali mtoto, na kwa sababu hiyo alicheka kwa mdomo uliofumbwa. Hakuwa na kufuli mlangoni, na hilo alilitaja kwa fahari kila alipopata msikilizaji. Tena alikosa kitu kimoja ambacho hakujua kuwa anakikosa mpaka mvi zilipomjaa kichwa kizima: hakuwa na uwezo wa kusema "nilikosea" watu wakisikia.

Alichokuwa nacho ni Peupe.

Peupe ulikuwa mfumo endeshi, yaani ile programu ya chini kabisa inayoiamsha mashine na kuifundisha kila kitufe kina kazi gani. Watu wa Singida waliuchukua miaka ile ambapo mashine zao zilianza kuzimwa na wenye programu zake waliokaa mbali. Mwalimu yuko katikati ya somo, kioo kinakuwa cheusi. Muuguzi anatafuta kipimo cha dawa ya mtoto, kioo kinakuwa cheusi. Ukiuliza, hakuna wa kukujibu. Basi mafundi wachache wakakusanya mashine zilizokufa, wakazitia mfumo huria. Msimbo wake, ile mistari ya ndani inayouendesha, uliachwa wazi: yeyote aliweza kuufungua, kuusoma, kuurekebisha na kumpa mwenzake bila kuomba ruhusa. Wakauandika upya kwa Kiswahili hadi kwenye mizizi. Shule ikasomea humo, zahanati ikatibia humo, kinu cha alizeti kikakamulia humo. Hata ile minara ya upepo iliyojipanga juu ya miamba, na mapanga yake marefu, ilizungushwa na kusimamishwa na Peupe.

Ili kitu cha watu wote kisiharibiwe na mtu mmoja, waliweka Kisomo. Jumamosi asubuhi mji ulikusanyika katika ghala la alizeti, na mwenye jambo jipya alisimama akalisoma kwa sauti. Watu walipiga makofi matatu ya kupokea, pa, pa, pa, na jambo lile likaingia katika kila mashine. Mwenye wasiwasi alitamka neno moja tu, "Shikilia." Hakuulizwa sababu siku hiyo. Jambo lililala hadi Jumamosi nyingine.

Hango alijifunzia kompyuta katika ghala hilohilo, kwenye darasa la jioni, akiwa mtu mzima mwenye vidole vigumu vya kuchimba visima. Aliketi benchi moja na Theofrida Ntandu, mama aliyeuza kuku mchana na kuja darasani na manyoya kwenye kanga. Mashine zilikuwa haba, wakapewa moja. Mmoja akiandika, mwingine alisubiri na kumcheka.

"Wewe Hango unaipiga kama unachimba."

"Na wewe unaipapasa kama unatafuta yai."

Kutokana na taabu ya darasa lile ndipo Hango alipobuni Mwenza. Ilikuwa programu ndogo iliyokaa ndani ya Peupe na kutazama vidole. Mtu akisita mahali, Mwenza iliweka alama. Akisita tena mahali palepale, ilimletea maelezo mafupi, kama jirani anayekunong'oneza jibu. Wanafunzi waliipenda. Kisha wauguzi, kisha watu wa kinu. Watu wazima walioacha shule wakiwa na miaka kumi na miwili walijifunza hesabu za mitambo kwa kushikwa mkono na Mwenza, na Hango Kidanka, asiye na cheti, akaanza kuitwa Mzee Hango hata na waliomzidi umri.

Jumamosi moja ya miaka hiyo Theofrida alisimama na badiliko fupi. Alitaka alama za kusita za kila mtu zikae katika mashine ya mwenyewe, zifungwe, zisisomwe na mwingine mpaka mwenyewe afungue. Hakuwa amemaliza kusoma.

"Shikilia," alisema Hango.

Wiki iliyofuata alikuja na hotuba. "Ndugu zangu, tulikimbia watu waliotufungia milango. Leo tuanze kujifungia wenyewe? Kufuli ni la mwizi. Nyumbani kwangu hakuna."

Ghala lililipuka kwa vigelegele. Theofrida alingoja watulie.

"Hango, nakubali msimbo uwe wazi. Lakini mimi si msimbo."

Watu walicheka, maana alilisema kwa sura ya kuchekesha kama ilivyokuwa desturi yake. Hango naye alicheka, mdomo umefumba. Badiliko likaanguka.

*

Miaka ikapita. Theofrida akawa mshika breki wa minara. Upepo wa Singida ukizidi kipimo, mtu lazima ayasimamishe mapanga moja baada ya jingine kwa mpangilio wake. Ukikosea, panga hupasuka na kipande chake huangukia nyumba za watu. Kazi hiyo Peupe uliifanya nusu, nusu nyingine ikaachiwa binadamu. Mji mzima ulimwita Mama Breki, na watoto waliigiza mkono wake ukivuta.

Kila asubuhi Hango alifungua alama za Mwenza na kuzipitia, kama mkulima anavyolizungukia shamba lake. Kwa kuwa Peupe haukuficha kitu, aliweza kuona kusita kwa kila mtu mjini. Alizoea kuzisoma alama zile na kuwatambua watu bila kutazama majina. Siku moja alikutana na alama zisizofanana na za mwanafunzi yeyote. Anayejifunza husita penye jambo jipya. Huyu alisita penye mambo ya zamani. Alifungua mlango aliofungua maisha yake yote, kisha akasimama kizingitini. Hango akalitazama jina, akaifunika mashine kwa gunia.

"Hodi."

"Mlango hauna kufuli, Mama Breki."

"Najua. Nabisha kwa kuiheshimu mbao."

Theofrida aliingia, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa amesuka nywele vizuri na kuvaa kanga mpya. Akalitazama gunia.

"Umeona."

"Nimeona nini?"

"Usinifanyie hivyo. Ukidanganya unakuna sikio, na sasa hivi unalikuna."

Hango akaushusha mkono.

"Ni uchovu tu," alisema.

"Si uchovu. Mama yangu alianza hivihivi. Juzi nilikuwa mbele ya mnara wa mwisho. Najua kelele zake, najua siku uliposimikwa, namkumbuka hata fundi aliyeanguka akavunjika mguu. Kitufe sikijui. Kama mtu anayeingia jikoni kwake akakuta masufuria ya mtu mwingine." Alicheka kidogo. "Nikasema labda nimekosea nyumba."

Nje kuku walikuwa wakiparura.

"Dastani ameziona pia," Theofrida aliendelea. Dastani alikuwa katibu wa Kisomo, kijana mwenye adabu na miwani. "Sheria inasema alama za wenye kazi za hatari husomwa Kisomoni. Jumamosi hii atasoma zangu, na hana kosa. Mimi siruhusiwi kushikilia usomaji unaonihusu. Ghuliku msaidizi wangu naye haruhusiwi, maana ndiye atakayerithi kiti. Nataka wewe useme lile neno."

"Msimu wenyewe wa upepo huu, Theofrida."

"Sigusi breki peke yangu. Ghuliku ameweka mkono wake juu ya wangu tangu siku ile. Akisikia nimesita, anavuta yeye. Muulize."

"Kama ni hivyo, si uwaambie tu watu leo?"

"Kwa sababu Editha hajui."

Editha alikuwa binti yake, aliyeolewa Babati. Huko nako walitumia Peupe, na Kisomo cha Singida kilisikika moja kwa moja kwenye mashine zao.

"Nataka nipande gari nifike kwake, nikae naye jikoni, nimwambie nimemshika mkono. Bibi yake alipoanza kupotea, Editha ndiye aliyemkuta sokoni akiomba aelekezwe nyumbani. Asisikie habari yangu ikisomwa ghalani kama bei ya mashudu. Nikirudi nitasimama mwenyewe niseme. Wiki moja. Neno moja, Hango."

Hango aliitazama miguu yake. Aliliona akilini ghala limejaa, na yeye, baba wa Mwenza, anaizuia Mwenza isizungumze. Siku ile hakuna ambaye angeuliza sababu. Lakini kesho yake kisimani wangeuliza.

"Nitaangalia," alisema.

Theofrida akasimama, akaitengeneza kanga yake. "Angalia basi." Mlangoni aligeuka. "Na gunia hilo lifue. Linanuka kama punda aliyekung'oa meno."

*

Jumamosi ghala lilijaa mpaka juu ya magunia. Hango aliketi mahali pake pa siku zote, benchi la mbele. Theofrida aliketi upande wa kinamama, mgongo umenyooka.

Yalisomwa mambo madogo kwanza: rekebisho la mizani ya kinu, maneno mapya kwenye somo la darasa la nne. Pa, pa, pa. Kisha Dastani akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

"Nina usomaji wa kusita, kwa kazi ya breki." Akamgeukia Hango kwa heshima. "Mzee, Mwenza ni mtoto wako. Kabla sijaanza, una neno?"

Neno lilikuwepo. Lilikuwa limekaa ulimini tangu alfajiri, na Hango alilihisi kama punje ya chumvi. Alifungua mdomo.

"Mzee atakuwa na neno gani?" mtu mmoja alipaza sauti kutoka juu ya magunia. "Si ndiye aliyetufundisha kuwa kufuli ni la mwizi?"

Ghala likacheka, kicheko cha upendo. Wengine waligeuka kumtazama wakitabasamu, wakimsubiri aseme kitu cha kuchekesha. Hango akaufumba mdomo, akatabasamu nao. Moyoni alijiambia kuwa ni kwa ajili ya upepo. Panga likipasuka, watoto watakufa. Nani angemlaumu mtu anayewahofia watoto? Yalikuwa maneno mazuri, nayo yalimjia upesi sana.

Alitikisa kichwa. Hana neno.

Dastani akasoma. Alisoma kwa sauti safi, kama alivyofundishwa, bila kuongeza wala kupunguza. Mama Theofrida Ntandu husita mahali fulani, ambapo zamani hapakumsumbua. Husita hapa, hurudi nyuma, husahau alichotaka. Kusita kunaongezeka. Mwenza inaona kuwa si kusita kwa mtu anayejifunza. Akaikunja karatasi.

Ndipo mikono ya watu, iliyozoea kazi yake, ikainuka yenyewe.

Pa, pa, pa.

Yalikuwa makofi kamili, ya ghala zima, yaliyopigwa kwa pamoja kama siku zote. Ni baada ya kofi la tatu ndipo watu walipoelewa wamepokea kitu gani. Mama mmoja aliificha mikono yake chini ya kanga. Dastani alibaki mdomo wazi. Mapanga ya upepo yalisikika kutoka juu ya miamba.

Theofrida akasimama.

"Asanteni," alisema. "Nimeuza kuku, nimesimamisha minara, sikupata kupigiwa makofi safi namna hii. Kumbe nilitakiwa kusahau tu."

Hakuna aliyecheka.

"Ghuliku anaijua kazi. Tangu leo breki ni zake, nami naona ni sawa." Akageukia kile kinasa sauti kilichopeleka Kisomo miji mingine. Hapo sauti yake ikapungua. "Editha mwanangu, kama unanisikia, nilikuwa njiani nakuja kukwambia."

Alitoka kupitia njia ya katikati, taratibu, akipita mbele ya benchi la Hango. Alisimama kidogo.

"Leo hukukuna sikio," alimwambia, akaenda zake.

*

Editha alikuja kesho yake na gari la mume wake, macho yamevimba, akamchukua mama yake. Mashine ya Theofrida ilikutwa mbele ya mlango wa Hango, imefungwa kwa kanga kuukuu. Haikuwa na ujumbe.

Upepo ulivuma ukapita. Ghuliku alivuta breki vizuri, hakuna panga lililopasuka. Watu walimsalimia Hango kama kawaida, maana hakuna aliyejua kuwa aliombwa. Kwa sheria zao hakuna aliyekosa: Dastani alisoma kilichopaswa kusomwa, watu wakapiga makofi waliyozoea, na mji ukawa salama. Usalama huo ndio uliomuumiza Hango zaidi. Aliwahoji moyoni wale watoto aliowataja siku ile, akagundua kuwa hakuwa amewafikiria hata kidogo. Kama angewahofia watoto kweli, angekwenda kwa Ghuliku kumuuliza, kama Theofrida alivyomwambia. Hakwenda. Alichohofia ni kicheko cha watu waliokaa juu ya magunia, na kicheko kile hakikuwa hata cha ubaya.

Peupe hautupi kitu. Badiliko likikataliwa, hubaki katika tabaka za chini za mfumo pamoja na jina la aliyelileta na siku aliyolileta, ili atakayekuja aone watu walipita wapi. Asubuhi moja Hango aliondoa gunia, akashuka katika tabaka hizo, akalitafuta kufuli la Theofrida. Lilikuwa fupi kuliko alivyokumbuka. Alilisoma mstari kwa mstari, kwa kidole, kama mtu anayetafuta kasoro kwa udi na uvumba. Hakuipata. Chini kabisa, mahali ambapo mwandishi wa msimbo huweka maelezo kwa binadamu mwenzake, palikuwa na mstari mmoja ambao siku ile ya zamani hakuusikia, kwa sababu alisema "Shikilia" kabla haujafikiwa.

*Ili mtu aweze kukosea akiwa peke yake.*

Akalinakili badiliko lote, neno kwa neno.

Jumamosi alisimama Kisomoni. Alilisoma badiliko lote kama lilivyoandikwa, na jina lililolitangulia akalisoma kuwa Theofrida Ntandu, wala hakugusa hata nukta. Alipofika kwenye ule mstari wa mwisho, aliusoma mara mbili.

"Mzee wangu, samahani," alisema yule mtu wa juu ya magunia, safari hii kwa upole. "Hili si ndilo wewe mwenyewe ulilipinga?"

"Ndilo."

"Ulisema kufuli ni la mwizi."

"Nilikosea." Neno lilitoka dogo, akaona halijafika nyuma. Akalisema tena. "Nilikosea. Msimbo ni wa wote. Mtu ni wa kwake mwenyewe. Aliniambia waziwazi, nikacheka. Na hivi majuzi alinijia nyumbani akaniomba nishikilie, ili amwambie mtoto wake kwanza. Neno nilikuwa nalo. Nikaona haya kwenu."

Mikono ya watu ikaanza kuinuka.

"Msipige!" Hango alisema.

Ikabaki hewani. Ilibidi Dastani awaombe wanaokubali waiache mikono yao hapohapo ilipo, na kwa namna hiyo, kimya kimya, mikono imeinuliwa kama ya watu wanaoomba dua, kufuli likaingia Peupe.

Walipotoka nje Dastani alimfuata. Naye alikuwa amekonda siku hizo.

"Mzee, nikwambie ukweli?"

"Sema, mwanangu."

"Kufuli litafunga yajayo. Yale yaliyokwisha kusomwa, nakala zake ziko katika kila nyumba, hapa na Babati. Hatuwezi kuziita zirudi."

"Najua," alisema Hango. "Mfumo ule tuliujenga hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikijivunia zaidi."

*

Kwa Theofrida hakuweza kutuma ujumbe wa kawaida. Mashine yake ilikuwa pale pale chini ya kanga kuukuu, na watu wa mji ule walikwisha kuacha barua za karatasi. Habari zao walizibandika kwenye mbao za Peupe, apitaye asome. Hango alikata karatasi ya kaki kwenye mfuko wa mbegu za alizeti, akatafuta kalamu ya wino, akaandika kwa mkono juu ya debe.

Alianza na upepo, akafuta. Akaanza na watoto na usalama wa mji, akafuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Akakata nyingine. Safari hii hakuandika kirefu, na alichoandika ni cha Theofrida.

Bahasha hakuwa nayo, wala duka la kuiuza. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitengenezea mfuko mwingine wa kaki kama walivyofundishwa shule ya msingi. Gundi nayo hakuwa nayo. Akamega ugali uliobaki kwenye sufuria, akaulainisha kwa maji, akaupaka ukingoni kwa kidole na kuubana kwa kiganja hadi ukashika. Akaitazama. Katika nyumba isiyo na kufuli, hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichopata kukifunga.

Lori la mafuta ya alizeti lilikuwa likipakia mbele ya kinu, kuelekea Babati. Hango alimkabidhi dereva, mwanamama aitwaye Mwangu, akamtajia jina la Editha na mtaa wake.

Mwangu aliigeuza barua huku na huku, akaubonyeza ule ukingo.

"Mzee, mbona umeibana hivi? Nikiulizwa njiani ina nini, nijibuje?"

"Jibu hujui."

"Lakini kweli sijui," Mwangu alicheka.

"Vizuri. Na mimi nikiulizwa nitasema ni ya mtu mmoja." Akasita kidogo. "Mpe Mama Breki mwenyewe mkononi. Kama hatanikumbuka mimi ni nani, mwambie ni yule anayepiga kibodi kama anachimba. Kama na hilo halikumbuki, mpe hivyohivyo, aifungue akitaka."

Mwangu akaacha kucheka. Aliitia barua ndani ya blauzi yake, mbali na mafuta, akapanda, akawasha lori na kuondoka.